Ndoto za Alinacha: huyu Alinacha ni nani hasa, na neno lake linafaa kwa mradi ambao tayari umeanza?

mpwa_msumbufu

Habari zenu wakuu. Nina swali la lugha, naomba msinicheke maana limenikaa kichwani wiki nzima.

Iko hivi. Mimi na wenzangu watatu tunatengeneza programu ya simu ya kufundishia watoto kusoma, hadithi fupi fupi zenye sauti na michoro. Tumeshaanza, sio stori za kijiweni, mmoja anaandika, mmoja anachora, mmoja ndo fundi wa kompyuta mwenyewe, mimi nahangaika kutafuta wa kutushika mkono. Juzi nikamweleza mjomba wangu, mtu mzima, mwalimu mstaafu, nikamwaga kila kitu, kwamba mwaka wa kwanza watumiaji elfu kumi, mwaka wa pili laki, wa tatu tunavuka mpaka, wa tano tunaiuza kwa kampuni kubwa na sisi tunakaa pembeni tunakula maisha. Mzee kasikiliza mpaka mwisho, hakunikatisha hata mara moja, halafu akasema tu "Mjomba, hizo ndoto za Alinacha." Akafungua gazeti lake, mazungumzo yakaishia hapo.

Mimi nikacheka kwa adabu kama nimeelewa. Sikuelewa. Yaani maana ya juu juu naijua, kwamba ni jambo lisilowezekana, magazeti yanaandika kila siku, timu fulani kuchukua kombe ni ndoto za Alinacha, mgombea fulani kushinda ni ndoto za Alinacha. Lakini Alinacha mwenyewe ni mtu? Ni mahali? Alifanya nini mpaka jina lake likawa tusi? Na je ni sawa kulitumia kwa kitu ambacho watu tayari wanakifanya, au ni kwa mtu aliyelala tu anaota? Na kama sio sawa, Kiswahili kina neno gani kwa ile shughuli ambayo kila mwenye macho anaona itakufa ila wenyewe bado wanakazana nayo?

Nawasilisha.

kibarua_wa_maneno

Alinacha ni jamaa wa hadithini, alikuwa anaota mchana. Ndoto za Alinacha = ndoto za mchana. Kwisha habari.

bi_mkufunzi

Kwisha habari wapi kaka, ndo kwanza inaanza 😄

Mpwa, kaa kitako. Hii ipo kwenye Alfu Lela Ulela, ile hekaya ya kinyozi wa Baghdad mwenye domo, anayesimulia visa vya ndugu zake sita bila kuulizwa. Alinacha ni yule ndugu wa tano. Baba yao alipokufa aliacha dirhamu 700, wao wako saba, kila mmoja akapata 100. Huyu wa tano alikuwa hajawahi kufanya kazi ya maana, akawaza na kuwazua, mwisho akanunua vyombo vya kioo kwa hela yote, akavipanga kwenye sinia kubwa, akakaa navyo mahali anangoja wateja.

Sasa pale alipokaa ndo hesabu zikaanza. Hivi nitaviuza 200. Hizo 200 nitanunua vingine niuze 400. Akapanda mpaka elfu nne, akaingia kwenye vito na manukato, akanunua jumba, watumwa, farasi, akafika laki, akamposa binti wa waziri. Na hapo ndo utamu ulipo maana hakuishia kumwoa, akaanza kupanga atakavyomringia. Bibi harusi ataletwa amepambwa, yeye hatamtazama. Mama mkwe atakuja kumbembeleza, yeye kimya. Binti atamsogezea kikombe kwa mikono yake miwili anatetemeka, na yeye atamsukuma kwa teke hiviii. Na teke akalipiga kweli. Sinia likaenda chini, vioo vyote vikawa vigae.

Sasa angalia kitu ambacho watu wengi wanaotumia msemo huu hawakioni. Alinacha alikuwa na mtaji. Alikuwa na bidhaa mbele yake. Kununua kwa jumla na kuuza kwa faida sio jambo lisilowezekana, ndo biashara yenyewe hiyo, watu wametajirika hivyo tangu dunia iumbwe. Kwa hiyo hadithi haisemi kwamba alitaka makubwa mno. Kilichomponza ni kwamba alianza kuishi kwenye mwisho wa hesabu wakati mwanzo wa hesabu bado uko miguuni kwake, tena vioo! Akapiga teke la tajiri wakati bado ni mchuuzi.

Kwa hiyo magazeti yanapoandika kwamba timu isiyo na wachezaji kuchukua kombe ni ndoto za Alinacha, mimi huwa naona wanalipunguza neno. Hiyo ni ndoto ya mchana tu, au tuseme njozi. Ndoto ya Alinacha inatakiwa iwe na sinia.

Na mjomba wako kama ni mwalimu wa zamani basi nadhani alijua anachosema. Wewe umemweleza ya mwaka wa tano. Sinia lako umemwonyesha?

mpwa_msumbufu

Dah. Mwalimu umenimaliza. Hapana, sikumwonyesha, hata sikugusia tuna hadithi ngapi. Nilienda moja kwa moja kwenye kuuza kampuni 🙈

kibarua_wa_maneno

Haya nimekubali nimechemka, sikujua habari ya sinia. Ila bi mkufunzi swali dogo, hilo jina mbona halina sura ya Kiarabu? Alinacha?

bi_mkufunzi

Swali zuri hilo. Kwa Kiarabu ni al-Nashshar, yaani mpasua mbao kwa msumeno. Sasa maneno yaliyotufikia kwa mdomo kutoka Kiarabu yanaishika "sh" bila shida, tunasema shukrani, shetani, sheria, ishara. Lingekuja kwa njia hiyo ningetegemea tuseme Nashari au kitu kama hicho. Wazungu ndo waliliandika Alnaschar, kuanzia tafsiri ya Kifaransa ya Antoine Galland iliyoanza kutoka mwaka 1704, na Waingereza nao wakalichukua hivyo hivyo. Ukilisoma hilo "sch" kwa jicho la mtu aliyezoea herufi zetu, unatoka na "ch". Kwa hiyo mimi naamini huyu bwana ametoka Baghdad akapita Paris na London ndo akatufikia kwenye karatasi. Ni maoni yangu, mwenye ushahidi mwingine alete.

Na kisa chenyewe kina ndugu. Wahindi wanacho kwenye Panchatantra, kitabu chao cha kale cha hadithi, kuna mbrahmani kaning'iniza chungu cha unga, naye anapanda kwa hesabu hivyo hivyo, mbuzi, ng'ombe, nyumba, mke, mtoto, na mwisho anapiga teke kwenye ndoto, chungu kinavunjika na unga unammwagikia. Kwenye Kalila wa Dimna, yaani visa hivyo vya Kihindi vilivyoingia Kiarabu kwa tafsiri ya Ibn al-Muqaffa ya karne ya 8, ni mcha Mungu na mtungi wa samli na asali, yeye anaupiga kwa fimbo. Inaonekana binadamu wamekuwa wakivunja vitu vyao kwa njia hii kwa muda mrefu sana.

dogo_wa_dili

Mwalimu heshima yako lakini mtaani hatuna muda wa Baghdad, sisi tunasema limebuma. Dili limebuma, mchongo umebuma, shoo imebuma. Fupi, linaeleweka, na halimtukani mtu.

Na mpwa umeuliza neno la kitu kinachoonekana kabisa kitakufa, hapo sasa tunasema mapema, "hii itabuma hii". Unaona uzuri wake, linaenda mbele na nyuma, itabuma, inabuma, imebuma, ilibuma. Alinacha yeye yuko sehemu moja tu kwenye ndoto. Mradi ukishafunguliwa na watu wakaingiza hela halafu ukafa, huwezi tena kusema ilikuwa ndoto, hela za watu hazikuwa ndoto.

Ila kuna tofauti ndogo ndogo nazo msizichanganye kama wanavyochanganya wengi. Kubuma ni kitu kimekataa chenyewe, hakuna mwizi. Kama kuna mtu kakuingiza kwa makusudi basi hiyo sio kubuma, hapo umeingizwa mkenge au umepigwa changa la macho. Kama hujadanganywa ila umeingia mahali pasipokuhusu kwa ujuaji wako basi umeingia choo cha kike. Na ukishatulia ukapiga hesabu ukaona umeliwa unasema imekula kwangu. Mtu akikuambia biashara yake imebuma unampa pole, akikuambia kaingizwa mkenge unamuuliza nani, akikuambia kaingia choo cha kike unacheka kwanza ndo unampa pole.

nahodha_mstaafu

Vijana hamjambo. Nimesoma yote, nimefurahi. Mimi naongeza ya baharini maana naona mmeyasahau na hayo ndiyo yenye utamu.

Mradi ukiharibika tunasema umekwenda mrama. Wengi wanasema hawajui mrama ni nini, wanadhani ni neno tu la kuharibika. Mrama ni ule mwendo wa chombo kinapolala ubavu huu kikaamka kikalala ubavu ule kwa sababu ya mawimbi. Chombo kinachokwenda mrama hakijazama! Sikilizeni hapo. Bado kinakwenda, tanga liko juu, watu wamo ndani wanatapika, na nahodha bado ana kazi ya kufanya, anaweza kupunguza tanga, kugeuza omo, yaani mbele ya chombo, kuhamisha shehena. Kwa hiyo mtu akisema "mambo yanakwenda mrama" maana yake bado yanakwenda. Ninyi mnasema "mradi ulienda mrama ukafungwa", haya, lugha inakua, lakini mmeshauzamisha kabla ya wakati wake.

Lingine ni kwenda arijojo. Hili la watoto wa kishada. Kishada kikiwa juu kinashikwa na uzi, uzi ukikatika hakianguki hapo hapo, kinaondoka, kinapepea, tena kwa mbali kinapendeza, hata kinaweza kupanda juu zaidi kuliko kilipokuwa. Huko ndiko kwenda arijojo. Sasa huo ndio mradi unaouliza wewe mpwa, ule ambao kila mwenye macho anaona umekwisha ila wenyewe wanashangilia. Uzi umeshakatika, mtoto bado kashika kipande mkononi anatazama juu anasema tazameni kinavyoruka!

Mrama una nahodha, arijojo hana mwenyewe. Ndiyo tofauti.

Na mkisema umegonga mwamba, hapo tena hakuna la kusema, hapo mnatafuta mbao za kuelea.

kibarua_wa_maneno

Mzee shikamoo. Hiyo ya kugonga mwamba mimi siku zote nilidhani ni ya mchimba kisima, unachimba unachimba jembe linagonga jiwe, unaacha.

nahodha_mstaafu

Marahaba mwanangu. Kila mtu na mwamba wake. Wako unakuacha hai.

wa_ng'ambo_ya_mpaka

Hehe hiyo ya mwamba imenibamba. Huku kwetu Kenya "kugonga mwamba" ni ya magazeti na redio, mazungumzo yamegonga mwamba, mswada umegonga mwamba, haina jahazi wala kisima tena. Na ile nyingine ya taarifa ya habari ni kuangukia pua, mpango umeangukia pua. Ile nakubali ni kali kwa sababu unaona kabisa mtu alikuwa anatembea kifua mbele.

Lakini wacha niulize, mbona mumetaja yote na hamjataja tembo mweupe? Ama ndovu mweupe. Serikali ikijenga kitu kikubwa hakitumiki, watu wanaandika tembo mweupe. Mimi hilo neno hunikera bana. Kwanza ni la Wazungu, wamelitoa kwa hadithi ya wafalme wa Siam, Thailand ya leo, mfalme akitaka kukumaliza anakupea tembo mweupe, ni mtakatifu huwezi kumfanyisha kazi wala kumuuza, na lazima umlishe. Kwa Kiingereza lina maana sababu hiyo hadithi wanaijua. Kwa Kiswahili ukiambia mtu "hii ni tembo mweupe" anakuuliza, ako wapi, twende tupige picha.

dogo_wa_dili

😂😂😂 ako wapi

mkulima_asiye_na_shamba

Wakati mnazungumzia maneno yaliyokuja na Wazungu, kuna moja wao walilichukua kwetu na wengi hapa hawalijui. Waingereza wakitaka kutaja mradi wa serikali uliokufa kwa ujuaji wanataja mradi wa karanga. Na karanga zenyewe ni za Tanganyika.

Kwa kifupi, ingawa sio fupi. Baada ya vita kuu ya pili Uingereza ilikuwa na shida kubwa ya mafuta ya kula. Mwaka 1946 bwana mmoja mkubwa wa kampuni ya biashara ya United Africa Company, Frank Samuel, akapeleka wazo kwamba Afrika Mashariki kuna ardhi kubwa, ilimwe karanga kwa mashine. Ikatumwa timu ya John Wakefield kuja kukagua, ikazunguka kwa wiki chache, ikarudi na ripoti nono, ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika. 1947 kazi ikaanza Kongwa.

Sasa Kongwa ni Ugogo. Mtu yeyote aliyewahi kusikia habari za Ugogo anajua ni nchi kame. Udongo wake una mfinyanzi, mvua ikikatika na jua likiwaka unashikana kama saruji, na karanga, msisahau, inazaa chini ya ardhi. Ipo, unaiona jani lake, ila kuitoa ndo hutoi. Mibuyu na vichaka vyake vilivunja matrekta, wakaleta mpaka matrekta yaliyoundwa kutokana na vifaru vya vita. Wakaongeza Urambo na Nachingwea. Nachingwea ikahitaji bandari na reli, ikajengwa bandari Mtwara na reli kutoka huko mpaka Nachingwea, ili ibebe karanga ambazo bado hazijaota. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikanyoosha mikono, hasara kama paundi milioni 36 za wakati huo. Reli yenyewe ikaja kung'olewa miaka ya mwanzo ya sitini.

Bi mkufunzi nisaidie, hiyo sio Alinacha mtupu? Hesabu ya ekari milioni tatu juu ya shamba ambalo halijajaribiwa hata msimu mmoja. Tena teke lenyewe wamelipiga kwa vifaru.

bi_mkufunzi

Kaka umenikumbusha mbali. Lakini nitakupinga kidogo. Alinacha alivunja vioo vyake mwenyewe. Hasara ikaishia kwake, akalia mwenyewe na kujipiga usoni mwenyewe. Wale wa karanga walivunja vya nani? Ardhi sio yao, kodi sio yao, na waliokaa mezani kuandika zile ekari hakuna aliyebaki na jembe Kongwa. Mimi hapo nisingempa Alinacha, ningesema sikio la kufa halisikii dawa. Kwa sababu dalili zilikuwepo tangu mwaka wa kwanza, ekari zilizolimwa zilikuwa sehemu ndogo tu ya zile zilizopangwa, na bado wakaendelea kumwaga pesa.

Au ile ya Mhubiri kwenye Biblia, kujilisha upepo. Hiyo nayo naipenda kwa mambo ya namna hii maana mtu anakula kabisa, anatafuna, anameza.

nahodha_mstaafu

Bandari ya Mtwara ipo mpaka leo, meli zinatia nanga. Kwa hiyo huo mradi kwa upande mmoja umegonga mwamba na kwa upande mwingine umeacha gati. Sijui hilo mtaliitaje.

mkulima_asiye_na_shamba

Mzee hapo umenikamata, kweli bandari ipo. Labda tuseme ndoto ilikufa sinia likabaki.

fundi_mpole

Mimi huwa sichangii ila hii mada imenigusa. Nimeshawahi kuwa ndani ya kitu cha namna hii na neno tulilotumia sisi ndo lilituua, kwa hiyo nasema.

Tulikuwa ofisi moja, siitaji, tukapewa kazi ya kutengeneza mfumo wa kuhifadhi kumbukumbu. Mwezi wa pili tu sisi mafundi tukajua haitawezekana kwa namna walivyotaka, waliotaka mfumo hawakubaliani wao kwa wao wanataka nini, kila Jumatatu inakuja karatasi mpya inayofuta ya Jumatatu iliyopita. Mwenzetu mmoja kwenye kikao akasema kwa sauti "jamani hii kazi ni kutwanga maji kwenye kinu". Ukumbi mzima ukacheka, bosi akacheka, na tukaendelea kutwanga miezi kumi na minne.

Nimewaza sana baadaye kwa nini hakuna aliyestuka. Nadhani ni kwa sababu kutwanga maji ni msemo wa kazi ambayo haina hasara. Unatwanga, maji hayageuki unga, unachoka, unaenda nyumbani, kinu kipo na mchi upo. Unaonekana mpuuzi tu. Kumbe yetu ilikuwa inakula, watu waliacha kazi nyingine, hela iliisha, wawili waliugua kwa msongo. Angesema "hii imeshaingia nyongo" labda bosi angekaa vizuri kwenye kiti, kwa sababu nyongo ikipasukia kwenye nyama kila mtu anajua hata ile iliyokuwa nzuri haiponi.

Mwisho wake hakuna aliyetangaza kwamba imekufa. Vikao vikaacha kuitwa. Nikija kuulizwa nasema ilikufa kibudu, yaani kama mnyama aliyekufa mwenyewe bila kuchinjwa, hakuna aliyeshika kisu, hakuna aliyesoma bismillahi, na nyama hailiki.

dogo_wa_dili

Pole sana fundi. Kufa kibudu naliiba hilo, kuanzia leo ni langu.

kibarua_wa_maneno

Mimi naona tumepata jibu la mpwa bila kujua. Aliuliza neno moja, hakuna neno moja, inategemea kitu kimefia wapi na nani alaumiwe. Ukisema Alinacha unamlaumu mwotaji, ukisema mrama unalaumu bahari, ukisema kibudu unalaumu wote na hakuna mmoja.

bi_mkufunzi

Na kubuma?

kibarua_wa_maneno

Kubuma hakulaumu mtu, ndo maana vijana wanalipenda 😄

wa_ng'ambo_ya_mpaka

Swali la mwisho kabla sijatoka. Bi mkufunzi, baada ya vioo kuvunjika huyo Alinacha alienda wapi? Ama hadithi inaisha hapo?

bi_mkufunzi

Ahsante kwa kuuliza, hakuna anayeulizaga! Haiishi. Amekaa pale analia, anararua nguo, siku ya Ijumaa watu wanaenda msikitini, wengine wanamwonea huruma wengine wanapita tu. Akapita bibi mmoja tajiri juu ya nyumbu, akauliza huyu ana nini, akaambiwa ndo mtaji wake wote huo umevunjika. Akaamuru apewe mfuko una dinari 500. Dinari ni dhahabu, dirhamu ni fedha, kwa hiyo alipata mara nyingi zaidi ya ule urithi wake wote. Yaani lile teke lilimlipa kuliko biashara yenyewe ingemlipa.

Halafu hizo dinari nazo akaja kutapeliwa na bibi kizee mmoja kwa tamaa ya mwanamke mrembo, akapigwa nusura afe. Hapo dogo ndo ungesema kaingizwa mkenge.

dogo_wa_dili

Jamaa ana bahati mbaya huyu mpaka nimeanza kumpenda

mpwa_msumbufu

Wakuu nimerudi. Ahsanteni wote, mzee nahodha shikamoo, mwalimu shikamoo. Nimempigia mjomba jana usiku, nikamwambia nimeshajua habari ya kinyozi na ndugu zake, nikamuuliza sasa mjomba ulimaanisha mradi wote ni bure au ile sehemu ya mwaka wa tano. Akakaa kimya kidogo, nilidhani simu imekatika. Akauliza, "Hadithi ngapi ziko tayari?" Nikasema nne. Akasema nimpelekee azipitie, kwa sababu Kiswahili cha vitabu vya watoto siku hizi kinamtia homa.

fundi_mpole

Nne? Na ulimwambia watumiaji laki?

mpwa_msumbufu

Nne. Ya tano iko nusu, mwandishi wetu ana mtihani.